Bunduki Iliyofika Kabla Yake

Majina ya watu wa Bunju ya zamani ninayo yote. Nani alikaa kisimani, nani alikuwa na mbuzi mwizi, nani aliolewa na nani akaachika kwa sababu gani, niulizeni mie. Lakini jina la huyu ninayemwelezea leo sitaliandika, ingawa nalijua lake na la baba yake na la babu yake. Mwenyewe hakupenda litajwe. Wasasi wa kwetu, wawindaji wa siku zile, walikuwa na mwiko: mtu akiwa porini, jina lake nyumbani halitajwi, maana wanyama wakilisikia wanajua nani anakuja. Na kwa kuwa yeye alikuwa porini siku nyingi kuliko nyumbani, na hakuna aliyekuwa na hakika saa gani karudi, sote tukazoea kumwita Msasi. Mkewe, Bi Mwanaidi, akimwita Msasi. Wajukuu wakimwita Babu Msasi. Hata akiwa amelala ndani, anakoroma mpaka sie majirani tunamsikia, bado alikuwa Msasi.

Nilimjua tangu nilipoolewa na Mfaume nikahamia Bunju, Mwingereza bado akitawala. Kati ya nyumba yetu na yake palikuwa na ua wa makuti tu, na ua wenyewe mbuzi wameshautoboa. Kwa hiyo ninayoyasema mengi niliyaona, na mengine niliyasikia kupitia kwenye tundu la mbuzi.

Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, kanzu ikimpwaya mabegani. Ungemkuta barabara ya Bagamoyo usingemdhania kuwa ndiye. Nyama aliyoileta yeye tuliila sisi. Mwenyewe alipenda mchicha na dagaa. Tumbaku hakuigusa, wala mafuta ya nazi hakujipaka siku ya kwenda porini, kwa sababu ya harufu. Maneno yake yalikuwa machache kwa watu, lakini kwa ngedere hakuwa na uchache. Ngedere wakishuka mashambani alisimama chini ya mti akawatukana kama wakwe waliomnyima mke: "Shuka wewe mwenye mkia! Mahindi haya ulilima wewe? Jembe lako liko wapi?" Sisi wanawake tuliokuwa tukipalilia tulikaa chini kwa kucheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anawauliza kweli.

Silaha yake ilikuwa gobori, ile bunduki ya kushindilia kwa mbele. Kuijaza ilikuwa kazi ya mtu mwenye subira. Kwanza baruti, kisha makumbi ya nazi aliyoyachambua laini kama pamba, kisha vipande vya chuma, kisha makumbi tena, na kila mara anashindilia kwa kijiti kirefu, taratibu. Makumbi hayo yalitoka kwenye minazi ya Bi Mwanaidi, nyuma ya nyumba, ambayo bibi yule aliipanda mmoja mmoja kila alipojifungua. Kila mnazi ulikuwa na jina la mtoto. Watoto wengine walikufa wadogo, minazi yao ikakua.

Gobori halipigi mbali. Lazima usogee mpaka umwone mnyama akitafuna. Yeye akisema, "Mnyama hana haraka. Mwenye haraka ni mwenye njaa." Na likipiga, mara nyingi haliui papo hapo. Mnyama anaanguka, anapiga miguu, na Msasi yuko karibu, kisu kimeshatoka alani, anamgeuza kibla, anasoma bismillahi, anachinja. Hiyo ndiyo nyama iliyoingia Bunju. Akimkuta ameshakufa, hakumleta. Siku moja tulisikia mlio upande wa bondeni, tukawasha moto, tukakuna nazi kabisa. Akarudi mikono mitupu.

"Msasi, mlio tuliousikia?" akauliza mume wangu Mfaume.

"Nimempata."

"Yuko wapi?"

"Nimemkuta kafa."

Basi. Akaingia ndani. Tukala mchicha kwa tui lile.

Mnyama kama huyo, na nguruwe wote aliowaua kwa kulinda mihogo, walikuwa wa Tomasi. Tomasi alikuwa Mngoni, Mkristo, amekuja na wenzake kutoka kusini kukata mkonge kwenye shamba la Mgiriki. Sisi Wazaramo na Wangoni ni watani, na mtani hana adabu. Msasi akiua nguruwe alimtuma mtu yeyote anayepita: "Mwambieni Tomasi mjomba wake kafariki, aje amzike." Na Tomasi alikuja mbio, panga mkononi na mti wa kubebea begani, analia kilio cha uongo njia nzima: "Mjomba wangu wee! Mzaramo amemuua mjomba!" Akifika anasimama mbali kidogo, kwa kuwa Msasi hakutaka damu ya nguruwe imrukie kanzu.

"Mafiti wewe," Msasi anamwambia, kwa jina la kale la Wangoni wavamizi, "ukishiba usije ukavamia mji usiku kama babu zako."

"Nikushambulie nipate nini? Una mifupa tu," Tomasi anajibu. "Nami siku yako ikifika nitakuja kukubeba hivi hivi, umening'inia kwenye mti."

Hapo ndipo Msasi alipokuwa akicheka.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa bahili wa chumvi. Ukienda kuomba kwake alikupimia kwa kucha. Na kwenye bao alikuwa mwizi, mwizi wa mchana. Kete zilimhama mkononi kwenda kwenye shimo alilolitaka, watu wote wanaona, anatazama juu kama anayehesabu ndege. Mwalimu Shomari, aliyesomesha watoto Kurani, alikuwa akimshika mkono: "Hii ilikuwa wapi?" Naye: "Ilikuwa hapa tangu jana." Mtu huyo huyo aliyetunyima nyama kwa neno moja la kweli.

Basi, mwaka mmoja baada ya vita vya pili, gobori lilimfanyia hiana. Lilizimika. Alikuwa amemsogelea nguruwe dume kwenye shamba la Jumbe Kondo, akafyatua, fataki ikalia, baruti haikuwaka. Dume likamrudia. Likampasua paja mpaka mfupa ukaonekana. Ni Tomasi aliyembeba, tena begani kwake, siyo kwenye mti, na njia nzima hakutania. Msasi alilala mpaka mvua za vuli zikapita. Alipoinuka, mguu ule ulikuwa unaburuta.

Na siku zilezile Mgiriki wa mkonge akawa anarudi kwao. Tulimwita Bwana Kosta. Alikuwa na bunduki ya kuwindia, ya risasi, ya zamani sana. Alisema ilikuwa ya baba yake. Mimi niliiona. Mti wake ulikuwa mweusi, umeng'aa kwa kushikwashikwa, na ubavuni kwenye chuma wamechora mnyama mwenye pembe kama matawi, mnyama ambaye hata Msasi hakumjua. Bwana Kosta hakutaka kuiuza kwa mtu yeyote tu. Alimwita Msasi, akamwambia: kaa nayo, ijaribu, ukiipenda nitazungumza mwenyewe bomani upate kibali.

Hapo maneno yakaanza Bunju.

Kuinunua ilikuwa lazima minazi iuzwe. Sote tulijua hakuwa na kingine. Tukadhani Bi Mwanaidi atapiga ukunga. Siku hiyo nilikuwa nachambua mchele uani, nikamsikia mumewe akimwambia kwa sauti ya chini, na sauti ya bibi ikatoka ya juu, ya kila mtu kusikia:

"Uza."

"Minazi ya watoto, Mwanaidi."

"Nimesema uza. Mnazi hupandwa. Mguu hupandwa?"

Nikasikia mguu wa Msasi ukiburuta mchangani.

"Hiyo inapiga kutoka mbali," bibi akasema. "Nimeuliza. Utasimama huku, nguruwe yuko kule, hajui hata kama umezaliwa. Mimi nimewazika watoto, sitaki kukuzika wewe vipande. Uza."

Jumbe Kondo naye alikuja kusisitiza, maana mihogo ilikuwa inaliwa tangu Msasi alale. Akakaa kwenye kitanda cha kamba, fimbo kati ya magoti. "Kuna neno moja tu," alisema. "Bomani hawatakuachia bunduki mbili. Ukipokea hii, gobori unalirudisha."

"Nalijua hilo, Jumbe."

"Sasa unangoja nini? Gobori limetaka kukuua."

"Ndiyo, limetaka," Msasi akajibu.

Harusi ya wifi yangu Mwajuma ilikuwa imekaribia, na Msasi alikwishamwahidi mume wangu nyama. Ahadi yake haikurudi nyuma kwa ajili ya mguu. Akaona basi hiyo ndiyo siku ya kuijaribu bunduki. Kabla ya kwenda alimuuliza Mwalimu Shomari mbele yetu: nikipiga kwa bismillahi, nikamkuta kafa kwa risasi ile ile, inafaa? Mwalimu akafikiri, akasema inafaa, ndivyo alivyosoma. Msasi akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Asubuhi ile ulilia mlio mmoja. Haukuwa mlio wa gobori, ule wa kubweka na moshi. Huu ulikuwa mkavu, kama ubao umevunjika, ukazunguka bonde zima. Vijana wakakimbilia huko. Walisema pongo alikuwa amesimama ng'ambo ya bonde, mbali hata hujui kama ni dume au jike, na risasi moja tu. Walimleta wakiimba. Pongo mkubwa, amenona. Jumbe Kondo alikuwa anacheka peke yake.

Msasi akafika nyuma yao, anaburuta mguu. Wakamlaza pongo kwenye majani ya migomba, wanawake tukiwa na visu tayari. Ndipo akasema, bila mtu kumuuliza:

"Nilipiga kwa bismillahi. Lakini kushuka bonde na kupanda na mguu huu, nimemkuta kafa. Sikuchinja."

Kicheko cha Jumbe kikakatika.

"Si Mwalimu amesema inafaa?" Mfaume akadakia.

"Inafaa," akasema Mwalimu Shomari. "Hapana shaka, inafaa."

Mama mkwe wangu, Bibi Tatu, alikuwa amekaa kwenye mkeka akipeta mchele. Hakuinua macho. "Kitabu chako nakiheshimu, Mwalimu," alisema, "ila tumbo ni langu. Huyu huyu ndiye aliyetufundisha kuwa aliyekufa haliwi. Miaka yote hiyo ametulaza na mchicha. Leo bunduki ya Mgiriki ndiyo imechinja?"

Mlezi wa watu kwenye jambo lile alikuwa Msasi mwenyewe. Yeye ndiye aliyewazoeza.

Tulimpika. Harusi haiwezi kukosa kitoweo, na wapo waliofuata neno la Mwalimu, nami mmoja wao. Tulipika kwa binzari na tui, harufu ikafika barabarani. Lakini upande mmoja wa uwanja sinia zilirudi na nyama zimezungushiwa wali, hazikuguswa, na upande wa pili watu walikula huku wanawaangalia wasiokula. Waliokula wakajiona wamedharauliwa, wasiokula wakajiona wameletewa mzoga. Mjomba wa bwana harusi akauliza kwa sauti kama Bunju sasa wanalishana kibudu. Mwajuma akalia mpaka wanja ukamchuruzika. Msasi alikaa kwenye kizingiti, kanzu safi, mguu umenyooshwa mbele, akiangalia mikono ya watu. Sinia moja moja. Hakula.

Kesho yake aliirudisha bunduki. Niliyajua maneno yao kwa Tomasi, aliyekuwa akifunga mizigo ya Bwana Kosta. Anasema Mgiriki alishangaa. Akashusha bei. Akashusha tena. Akauliza kama ina kasoro.

"Haina kasoro, Bwana," Msasi akamjibu. "Ni nzuri kuliko zote nilizozishika. Ila inafika kabla yangu."

"Si ndiyo uzuri wake?"

"Ndiyo uzuri wake. Gobori tunafika pamoja."

Tomasi, ambaye kwa bunduki ile angekula nguruwe mpaka azeeke, akamwambia papo hapo: "Mzaramo mjinga wewe. Mtani wangu umenifunga mdomo kwa mikono miwili." Msasi akamwambia arudi kwenye mizigo yake.

Nasi hatukumshukuru, msidhani. Mvua zilipokuja nguruwe waliingia kama walioalikwa. Shamba langu la mihogo la upande wa mto walilimaliza lote. Mtu wa kwanza kulalamika alikuwa Bibi Tatu, yule yule: "Ameletewa bunduki mlangoni ameikataa! Sasa tule nini, minazi yake?" Jumbe Kondo hakumsalimia muda mrefu. Bi Mwanaidi yeye hakulalamika, ila alimpakulia chakula akakiweka chini bila kusema karibu, na kila alipoliona gobori likitoka mlangoni aliingia chumbani. Msasi alikwenda nalo hivyo hivyo, anaburuta mguu, anasogea karibu kama zamani, ila sasa bila mguu wa kukimbilia. Nguruwe wengine aliwapata. Wengi hakuwapata. Dume lilimuumiza tena, mara hii mkono. Nyama iliyokuja kwetu ilikuwa haba, na ilikuja imechinjwa.

Baadaye Mfaume alipata kazi mjini, tukahamia Kinondoni, na habari za Bunju nikawa nazipata vipande vipande. Bi Mwanaidi alitangulia. Macho ya Msasi yakaingia ukungu, akalirudisha gobori bomani mwenyewe, kwa mguu wake ule.

Nilimwona tena miaka ya mwisho ya Mwingereza. Nilipita Kariakoo asubuhi nikanunua nyama, nikapanda gari la Bagamoyo. Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti kile kile, kanzu bado inampwaya.

"Shikamoo, Msasi."

"Marahaba, mke wa Mfaume." Hakuwa ameniona. Alikwishajua mwendo wangu tangu njiani. "Mbona hujanenepa? Mjini hamli?"

Niliingia jikoni kwa Bi Mwanaidi, nikawasha moto. Nazi zilikuwa zimejaa pembeni. Minazi ilikuwa bado inazaa. Nikakuna. Yeye akawa anazungumza nami kutoka mlangoni, na alizungumza kuliko nilivyowahi kumsikia. Sijui ni macho, au ni kukosa ngedere wa kutukana.

"Siku ya harusi ya Mwajuma," akasema, "nilipomfikia yule pongo alikuwa bado na joto. Jicho liko wazi. Nikatoa kisu. Nikaangalia huku, nikaangalia huku. Vijana bado wako ng'ambo. Nikasema, nikikata sasa damu itatoka, nani atajua? Nikakaa na kisu mkononi mpaka nzi wakaja."

"Na hukukata."

"Sikukata siku ile. Lakini mkono ulikwishaijua njia. Nikaona, nikikaa na bunduki hii, kila siku nitakaa na nzi nikishindana na mkono wangu. Na mie nimeshazeeka, siku moja mkono ungeshinda. Kisha mngekula na kunishukuru."

Nikageuza mchuzi. Nikamuuliza lililokuwa moyoni mwangu siku nyingi. "Mbona kwenye bao ulikuwa unaiba?"

"Bao mlikuwa mnaniona," akasema.

Tui likachemka. Harufu ikamfikia, akainua kichwa kama zamani akisikia kijiti kimevunjika.

"Nyama hiyo."

"Ya ng'ombe, Msasi. Nimeinunua Kariakoo leo."

"Kachinja nani?"

Hapo mwiko wangu ukasimama chunguni. Majina ninayo. Aliyeniuzia alikuwa Hamisi wa Binti Saidi, namjua yeye na dada zake wote. Ningesema Hamisi, mambo yakaisha. Lakini Hamisi hukata tu na kupima. Ng'ombe huja kutoka machinjioni wameshachinjwa, na huko hakuna ninayemjua.

"Sijui, Msasi. Wanasema ni Waislamu. Jina lake silijui."

"Wewe? Hulijui jina?"

"Hili silijui."

"Ungenitajia lolote. Mie kipofu, ningejuaje?"

"Usingejua."

Kuku walikuwa wanaparua karibu na mguu wake mbovu, akausogeza kuwapisha. Kisha akanawa mikono kwenye kata iliyokuwa pembeni yake, akaikung'uta maji, akaielekeza kule sauti yangu ilikokuwa.

"Basi pakua," akasema. "Na mchuzi usiupime."